Maganda ya ndizi pekee hayatamkinga mlaji wa sukumawiki

MPISHI anaweza kuosha sukumawiki mara tatu na kuichemsha hadi viini vya maradhi vife. Lakini madini ya risasi na kadimiamu yaliyofyonzwa na mizizi hayafi kwa moto. Hubaki ndani ya jani hadi mezani.

Hofu hiyo ndiyo inayoziandama mboga zinazokuzwa kwa majitaka kando ya Mto Nairobi na vijito vyake, ambako karakana, viwanda na mabomba yaliyopasuka humwaga uchafu. Wakulima wengi huko hawana maji mengine, nao wanunuzi sokoni hawajui mboga imetoka wapi.

Kwa miaka mingi, wanasayansi wameonyesha kuwa taka za shambani zinaweza kusaidia. Maganda ya ndizi, magunzi ya mahindi, na makapi ya mpunga na ya miwa yana viambato vinavyonasa madini yaliyoyeyuka majini. Taka hizo hukaushwa na kusagwa, kisha maji hupitishwa humo. Malighafi hii hupatikana kwa bei ya chini, mara nyingi bure.

Hata hivyo, maabara si shamba. Maji yenye asidi kali hupunguza uwezo wa unga huo kunasa madini, nazo chumvi nyingine hushindania nafasi humo. Aidha, unga ukishajaa hauchuji tena, na mkulima hawezi kulitambua hilo kwa macho. Shirika la Chakula na Kilimo Duniani (FAO) hupendekeza kadimiamu katika maji ya kunyunyizia mimea isizidi miligramu 0.01 kwa lita.

Isitoshe, unga uliojaa sumu ni taka hatari. Ukigeuzwa mbolea au chakula cha mifugo, sumu iliyotolewa majini itarejea kwa mlaji kupitia mlango mwingine.

Kanuni za ubora wa maji za mwaka 2006 zilikataza kunyunyizia mimea majitaka yasiyotimiza viwango. Lakini katazo hilo halikumpa mkulima maji mbadala.

Kwa hivyo, chujio la maganda linafaa kuwekwa kwanza kwenye mfereji wa karakana, kabla sumu haijaingia mtoni. Huko maji ni machache, mwenye uchafu anajulikana, na anaweza kulazimishwa kulipia upimaji na utupaji wa unga uliotumika.

Likiachwa shambani pekee, mkulima aliye chini ya mto atakuwa akisafisha, kwa jasho lake, uchafu wa tajiri aliye juu.