Zebaki, Marudio na Sangara: Barua ya Wazi kwa Waziri wa Madini



Zebaki inayotumika kwenye mialo ya dhahabu mkoani Geita haiishii mialoni. Mchimbaji mdogo huimimina kwenye karai lenye unga wa mawe uliotoka kwenye karasha, akauvuruga kwa mikono mitupu hadi dhahabu na zebaki zishikane kuwa tonge la rangi ya fedha. Tonge hukamuliwa kwa kitambaa, kisha huchomwa. Mvuke hupaa na kurudi na mvua. Zebaki iliyobaki kwenye marudio, yaani mabaki ya unga huo baada ya dhahabu kutolewa, husombwa na mito kuelekea Ziwa Victoria.

Ndani ya tope lisilo na oksijeni, bakteria huigeuza kuwa methili-zebaki, na madhara makubwa huanzia hapo. Sumu hii hunata kwenye protini za mwili na hukawia kutoka. Mwani huifyonza, vijidudu vya majini hula mwani, dagaa na furu hula vijidudu, na sangara huwala hao miaka nenda rudi. Katika samaki walao wenzao, kiasi chake huweza kuzidi cha maji mara milioni moja. Kukaanga au kubanika hakuiondoi.

Huko Minamata, Japani, ugonjwa unaoletwa na sumu hii ulitambuliwa rasmi mwaka 1956. Paka waliolishwa samaki wa ghuba walitetemeka na kufa. Kina mama walioonekana wazima walizaa watoto walioathirika ubongo, kwa kuwa sumu hupenya kondo la nyuma. Kiwanda kilichokuwa chanzo cha sumu hiyo kiliendelea kumwaga taka zake hadi 1968.

Ziwa Victoria halijafika huko. Sangara wengi waliopimwa wamekuwa chini ya miligramu 0.5 za zebaki kwa kilo, na dagaa, kitoweo cha wengi, wana kiasi kidogo zaidi. Ila sumu huongezeka kadiri sangara anavyokua, kwa hiyo upimaji wa haki ni ule unaogusa samaki wakubwa, na wajawazito wa mialoni waambiwe majibu yake.

Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki mwaka 2020. Mkataba unataka hatua za kukomesha uchomaji wa tonge hadharani na kwenye makazi, na pia kukomesha uchenjuaji kwa sayanaidi wa marudio ambayo hayajaondolewa zebaki. Hili la mwisho halisemwi vya kutosha: sayanaidi huyeyusha zebaki, ikasafiri na maji kwa urahisi zaidi. Wizara inaombwa ianze na marudio hayo, na vifaa vya kunasa mvuke viwafikie wachimbaji kwa bei wanayoimudu kabla ya faini kuwafikia.