Butembo na Beni: ampli ichaguliwe kwa batri, si kwa sikio peke yake

Katika nyumba nyingi za Butembo na Beni, redio si ya mtu mmoja. Wenye nyumba wanaisikiliza pamoja na jamaa waliokimbia vijiji vyao, hasa tangu mauaji ya raia yaliyoanza eneo la Beni mwezi wa Oktoba 2014. Radio Okapi, inayotangaza tangu 2002, kwa Kiswahili pia, inapotoa habari za usalama, watu wote walio uani wanataka kusikia. Redio ndogo au telefone haitoshi. Inahitajika ampli na bafle.

Hapo ndipo mabishano yanaanza. Wapenzi wa muziki wanasifu ampli ya lampe, ile ya zamani yenye chupa za kioo zinazowaka ndani. Hawakosei kabisa. Lampe ikizidiwa haikati sauti ghafla, inailainisha, na sikio linapenda hivyo. Tena lampe iliyokufa inachomolewa na kuwekwa nyingine, wakati ampli ndogo ya kisasa ikiungua chipu yake mara nyingi inatupwa.

Lakini nyumba inayoishi kwa sola inapaswa kuhesabu kwanza. Chukua lampe ya EL34, inayojulikana sana. Kupasha moto waya wake tu kunakula volti 6.3 na ampea 1.5, karibu wati 9.5. Ampli yenye lampe nne kama hizo inameza wati 38 kabla ya neno moja kusikika. Ukijumlisha yote, inaweza kupita wati 100, hata sauti ikiwa chini.

Batri ya volti 12 na ampea-saa 20 inabeba wati-saa 240. Ikiwa ni ya asidi, haifai kushushwa chini ya nusu, kwa hiyo zinabaki 120. Ampli ya lampe itazimaliza kwa muda wa saa moja hivi, tena konvatisa nayo inachukua sehemu yake. Ampli ndogo ya tranzista ya daraja D, inayofungwa moja kwa moja kwenye volti 12 na kutumia wati 5 kwa sauti ya nyumbani, itasema usiku na mchana, na telefone zitapata nafasi ya kuchajiwa.

Kuna pia usalama wa watoto. Ndani ya ampli ya lampe umeme unaweza kupita volti 400, na kondensa zinaweza kuushika hata baada ya kuzima. Chupa zenyewe zinaunguza mkono. Nyumba iliyojaa wageni wadogo si mahali pake. Na siku ya kukimbia tena, nani atabeba kilo 15 za chuma na kioo?

Hata hivyo, si kila tranzista ni nzuri. Ampli kubwa za daraja AB nazo zinakunywa batri. Namba ya wati 1000 iliyoandikwa kwenye karatoni ya kifaa kidogo isiaminiwe, kwa sababu hakuna kifaa kinachotoa nguvu kuliko inayopokea. Afadhali pesa iende kwenye bafle: ile ya desibeli 90 kwa wati moja inalia sawa na ya desibeli 87 inayopewa wati mbili. Pia fundi aangalie kama ampli inakubali bafle ya om 4 au 8 kabla ya kufunga.

Mwenye umeme wa uhakika na ampli ya lampe aliyoachiwa na baba yake aitunze na kuifurahia. Lakini jamaa walio mbali wanaotuma pesa kusaidia nyumba iliyopokea wakimbizi wanunue tranzista ndogo, bafle nzuri na batri nzima. Utamu wa sauti hauna maana ikiwa batri imekwisha kabla ya habari za jioni.