Tundu Ndani ya Mhimili: Somo Lisilosubiri Maabara

Mara nyingi tumewasikia walimu wenzetu wakidai kwamba habari za mashine haziwezi kufundishwa vizuri katika shule za Tandahimba kwa kuwa vifaa ni haba. Sisi hatukubaliani na dai hilo. Kila msimu wa korosho malori hupita mbele ya watoto yakielekea Mtwara. Chini ya lori upo mhimili mrefu unaopeleka mzunguko kutoka kwenye giaboksi hadi magurudumu ya nyuma, na kwa kawaida mhimili huo ni bomba.

Mwalimu na aanze kwa swali: Je, tundu halidhoofishi chuma? Awaache watoto wabishane, kisha wapime kwa mikono yao. Wachukue karatasi mbili zilizo sawa, wazipake uji mzito wa muhogo. Moja waikunje ikaze kama penseli, ya pili iwe bomba pana kidogo. Zikikauka wazisokote. Watahisi kwamba bomba ndilo gumu zaidi kusokoteka.

Sababu yake ni kwamba mhimili unaposokotwa, sehemu za nje ndizo zinazobeba mzigo mkubwa, na katikati kabisa hapabebi kitu. Mhimili wenye kipenyo cha sentimita 4 ukitobolewa tundu la sentimita 2 hupunguza robo ya uzito wake, lakini hupoteza sehemu 1 tu kati ya 16 za uimara wake dhidi ya msokoto.

Kutoka hapo mtoto ataweza kuielewa hata mashine asiyopata kuiona. Katika mikono ya roboti za viwandani, nyaya hupitishwa ndani ya mihimili ya namna hiyo. Katika baadhi ya giaboksi, fimbo nyembamba huteleza ndani ya tundu na kusukuma kabari inayofunga gia moja na kuiachia nyingine. Tundu likiwa pana mno, ukuta hubonyea. Likiwa jembamba mno, fimbo haipiti. Na ule mwanya wa kutokezea kabari ndipo ufa unapoweza kuanzia. Kusanifu ni kupatanisha mahitaji hayo.

Ninyi mnaojiandaa kuwa walimu, fikirini jambo hili. Mwalimu anayesubiri maabara humfundisha mtoto, pasipo kukusudia, kwamba mashine ni mali ya watu wa mbali. Karatasi na muhogo vyatosha kuanzia.