Anayemwandaa Mgonjwa Amebeba Amana



Ndugu wasomaji, kila matokeo ya kidato cha nne yanapotoka, wazazi hapa Kampala huja kutuomba ushauri. Wengi hutaja udaktari, uhandisi na sheria. Tukitaja uuguzi wa ngazi ya cheti, nyuso hukunjamana: "Mwanangu akatandike vitanda?" Leo tunapenda kujibu swali hilo kwa kutazama kazi moja tu ya muuguzi huyo: kumwandaa mgonjwa anayepasuliwa na kurudi nyumbani siku ileile.

Huyu ni mgonjwa wa ngiri, wa mtoto wa jicho au wa uvimbe mdogo. Hakulala wodini. Amefika asubuhi kwa boda boda au teksi, na baada ya muda mfupi ataingia chumba cha upasuaji. Muuguzi ana muda huo mfupi tu. Anahakiki jina na faili. Anapima presha, joto na uzito, kwa kuwa kipimo cha dawa nyingi hufuata uzito, hasa kwa mtoto. Anauliza dawa zinazomdhuru na dawa anazotumia, za mitishamba zikiwemo. Anahakikisha upande unaopasuliwa umewekwa alama, ridhaa imetiwa saini, na pete, meno ya bandia na rangi ya kucha vimeondolewa. Kisha anauliza: umekula lini?

Hapo ndipo familia zetu huteleza. Dawa ya usingizi hulegeza koo, na chakula kikipanda kutoka tumboni huweza kuingia mapafuni na kuua. Kwa kawaida mtu mzima huacha chakula chepesi saa 6 kabla, na maji matupu saa 2 kabla, isipokuwa daktari ameagiza vingine. Chai ya maziwa huhesabiwa kama chakula, na uji pia. Wapo wanaoficha ili tarehe isiahirishwe. Ndugu zetu, huko si kumhurumia mgonjwa! Na katika Ramadhani tuwe macho zaidi: aliyekula daku saa 11 alfajiri, saa 2 asubuhi ana saa 3 tu. Ana swaumu, lakini hayuko tayari kwa upasuaji.

Maswali haya si urasimu. Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha ya mambo 19 ya kuhakikisha kabla na baada ya upasuaji. Ilijaribiwa katika hospitali za miji minane duniani, mmojawapo ukiwa Ifakara, kwa jirani zetu Tanzania. Matokeo yalitangazwa mwaka 2009: vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Karatasi moja, na watu waaminifu wa kuifuata.

Wala kazi hii si ngeni kwetu. Baada ya vita vya Khandaq, Saad bin Muadh (r.a.) aliyejeruhiwa aliuguzwa katika hema la Bibi Rufaida, ndani ya msikiti wa Mtume (s.a.w.) Madina. Mwanamke yule aliheshimiwa kwa ujuzi wake.

Leo tunataka mama zetu na wake zetu wavuliwe nguo na kuandaliwa na mwanamke mwenye kuchunga sitara. Ni haki yao. Lakini huyo mwanamke atatoka wapi, ikiwa kila baba anamzuia binti yake kusomea uuguzi? Kilimani Kibuli ipo hospitali ya Waislamu yenye chuo chake cha uuguzi. Hatuwezi kudai huduma ambayo hatutaki watoto wetu waitoe.

Wanafunzi wetu, msiyadharau masomo ya sayansi. Wazazi, msiwavunje moyo. Na siku ukilazwa kitandani ukaulizwa umekula lini, sema kweli. Muuguzi amebeba amana ya uhai wako. Mpe ukweli aweze kuilinda.

Wabillahi tawfiq.