Hata Marshall Alinakili

Kuna kauli inanikera: eti amplifaya ya vali iliyoundwa nyumbani ni feki, sauti halisi imo kwenye makasha ya zamani yenye nembo maarufu. Jamani, nembo zenyewe zilianzaje?

London, 1962. Jim Marshall ana duka la vyombo vya muziki. Wapiga gitaa wanataka Fender kutoka Marekani, lakini bei haishikiki. Fundi wake Ken Bran na kijana Dudley Craven wanachukua saketi ya Fender Bassman, wanainakili kwa vipuri vinavyopatikana Uingereza. Ndiyo JTM45 hiyo! Vipuri vingine, spika nyingine, kasha limefungwa nyuma: ikatoka sauti mpya, na roki ikapata ngurumo yake.

Vali ikizidiwa haikati sauti ghafla, huibana taratibu, ndiyo maana mpigaji huhisi gitaa linamjibu. Hilo ni suala la umeme. Nembo haihusiki.

Mkitaka kumkemea mtu, mkemeeni anayebahatisha. Ndani mna volti zinazoweza kuzidi 400, na kapasita huua hata waya ukishachomolewa. Ila anayesoma mchoro, akalehemu kwa makini, mwacheni anakili.