Kabla ya Kuhubiri Tetemeko, Tuijue Ardhi

Likizo iliyopita mwenzetu mmoja alipangiwa kazi za kichungaji katika kigango kimoja mkoani Kagera. Jioni moja kwenye jumuiya, baada ya kusoma Injili na kufika sehemu ya kushirikishana, bibi mmoja ambaye nyumba yake ilianguka katika tetemeko la mwaka 2016 aliuliza: "Frateri, hivi sisi tulikosa nini ambacho watu wa mikoa mingine hawajakosa?" Hakuuliza kwa hasira. Mwenzetu akamjibu kwamba njia za Mungu hazichunguziki. Wakasali, wakaimba, wakatawanyika. Bibi alimshukuru kwa heshima zote, na mwenzetu anatuambia kwamba pale aliposhukuriwa ndipo alipojua kuwa hakujibu kitu.

Tumelizungumza swali hilo mara nyingi tangu turudi, hasa baada ya chakula cha usiku, na tusifiche: wengi wetu tungejibu vilevile. Tunaweza kueleza sababu nne za Aristotle bila kufungua daftari. Lakini ukituuliza kwa nini ardhi ya Bukoba ilitikisika, tunakimbilia fumbo. Maoni yetu ni kwamba huo ni uvivu, na kwamba uvivu huo una watu wanaouumia.

Tuanze na kilichotokea. Jumamosi, 10 Septemba 2016, saa tisa na dakika 27 alasiri, tetemeko lenye ukubwa wa 5.9 lilipiga Kagera. Chanzo chake kilikuwa karibu kilomita 40 chini ya ardhi. Lilisikika hadi Uganda, Rwanda na Burundi. Watu zaidi ya 15 walikufa, mamia wakajeruhiwa, nyumba nyingi zikaanguka, na Shule ya Sekondari Ihungo, yenye mizizi ya wamisionari, ikabomoka vibaya. Katika siku zilizofuata kila kundi lilijipatia mkosaji wake. Wengine walisema ni dhambi za vijana, wengine ushirikina, wengine wakahesabu miaka iliyobaki kabla ya mwisho wa dunia. Ni wachache waliotaja ardhi yenyewe.

Na ardhi yenyewe ina mengi ya kusema. Kutoka hapa tunaposimama hadi katikati ya dunia ni kilomita 6,371. Ganda la juu, lile tunalolima na kuzika ndani yake, lina unene wa kilomita 35 hivi chini ya mabara, na chini ya bahari ni kilomita 7 tu au karibu na hapo. Chini yake kuna manteli, mwamba wa moto ambao kwa sehemu kubwa ni mgumu lakini husogea polepole mno, kama lami nzito, hadi kina cha kilomita 2,900. Kisha kiini cha nje, ambacho ni chuma kilichoyeyuka, na ndani kabisa kiini cha chuma kigumu. Hakuna aliyefika huko. Shimo refu kuliko yote yaliyochimbwa kwenda chini, lile la Kola nchini Urusi, liliishia mita 12,262, yaani hata nusu ya ganda halikumaliza.

Basi tunajuaje? Tunajua kwa matetemeko. Mwaka 1936 mwanamke wa Denmark, Inge Lehmann, alionyesha kuwa dunia ina kiini cha ndani. Alichofanya ni kuchunguza mawimbi ya matetemeko, likiwemo moja kubwa la New Zealand la mwaka 1929, na kuona kwamba baadhi yalifika mahali ambapo hayakupaswa kufika kama kiini chote kingekuwa cha majimaji. Sisi tunaosoma falsafa tunapenda mfano huu kwa sababu ni hoja safi kutoka matokeo kwenda kwenye chanzo. Lakini una uzito mwingine: tunachojua juu ya moyo wa dunia tumekijua, kwa sehemu kubwa, kupitia siku ambazo watu walifukua ndugu zao kwenye vifusi.

Ganda hilo, pamoja na sehemu ya juu ya manteli, limevunjika katika mabamba makubwa yanayosogea. Mjerumani Alfred Wegener alisema mwaka 1912 kwamba mabara yalikuwa pamoja yakaachana, wenzake wengi wakamcheka, na ilichukua hadi miaka ya 1960, sakafu ya bahari ilipopimwa vizuri, ndipo wanajiolojia wengi walipokubali. (Mwanafalsafa anayedharau wazo jipya kwa sababu mtoa wazo hakusoma idara yake, aikumbuke habari ya Wegener, ambaye kwa taaluma alikuwa mtu wa hali ya hewa.)

Sasa tuje nyumbani. Afrika Mashariki ni mahali ambapo bamba linapasuka. Upande wa magharibi liko bamba la Nubia, upande wa mashariki la Somalia, na yanaachana kwa milimita chache kila mwaka. Kucha zetu hukua milimita kama tatu kwa mwezi, kwa hiyo bara linapasuka taratibu kuliko kucha zinavyoota. Mpasuko huo ni Bonde la Ufa, na una mikono miwili. Mkono wa mashariki unapita Turkana, Natron, Manyara. Wa magharibi unapita maziwa Albert, Edward, Kivu, Tanganyika, Rukwa na kushuka Nyasa. Katikati ya mikono hiyo kimebaki kipande kidogo cha bamba, ambacho wataalamu wanakiita bamba la Victoria, na Ziwa Victoria liko juu yake. Kipande hicho kinazunguka polepole kinyume cha mshale wa saa, kwa kuwa kinavutwa na majirani wake wawili.

Bukoba iko juu ya kipande hicho, si mbali sana na mkono wa magharibi. Kwa hiyo bibi akiuliza kwa nini Kagera na si mikoa mingine, sehemu ya kwanza ya jibu ipo na inaweza kuelezwa kwa Kiswahili cha kawaida, kwa kutumia mkate wa chapati unaochanwa kama hakuna ramani. Tena mikoa mingine haijasamehewa. Tarehe 13 Desemba 1910 eneo la Rukwa lilipigwa na tetemeko lenye ukubwa wa zaidi ya 7, mojawapo ya makubwa kabisa yaliyopimwa Afrika. Hatuna habari kwamba wenyeji wa Rukwa mwaka huo walikuwa wadhambi kuliko wa Dodoma.

Tunajua kuna watakaosema: hayo ni ya walimu wa jiografia, padre ana kazi yake. Tunawaomba waende nasi Lisbon.

Tarehe 1 Novemba 1755, sikukuu ya Watakatifu Wote, asubuhi watu wakiwa kanisani, mji wa Lisbon ulitikisika. Makanisa yakawaangukia waamini. Mishumaa ikawasha moto uliodumu siku kadhaa, na bahari ikarudi nyuma kisha ikaja juu ya waliokimbilia ufukweni. Mjesuiti mmoja, Gabriel Malagrida, aliandika mwaka uliofuata kwamba chanzo cha kweli kilikuwa dhambi za mji, na kwamba kusema habari za sababu za asili ni kuwazuia watu kutubu. Hatumdharau. Alikuwa mmisionari mwenye bidii aliyeishi miaka mingi Brazili, na mwisho wake ulikuwa wa kusikitisha, kwani aliuawa mwaka 1761 katika ugomvi wa kisiasa kati ya Wajesuiti na waziri Pombal. Lakini katika jambo hili alikosea, na kosa lake bado linahubiriwa.

Wanafalsafa nao walizozana. Voltaire aliandika shairi kuwapinga wanaosema yote ni mema. Rousseau akamjibu kwa barua kwamba asili haikuwarundika watu wale kwenye nyumba za ghorofa sita na saba. Kant, akiwa bado kijana, alichapisha makala tatu mwaka 1756 akitafuta chanzo ndani ya ardhi yenyewe. Chanzo alichokitaja, hewa na gesi zinazowaka katika mapango ya chini, hakikuwa sahihi, kama ambavyo Aristotle hakuwa sahihi aliposema ni upepo uliofungiwa ardhini. Ila wote wawili walijua mahali pa kutazama.

Kinachotugusa sisi zaidi kuliko Kant, hata hivyo, ni maparoko wa Ureno. Serikali ilituma maswali katika parokia zote za nchi: tetemeko lilianza saa ngapi na lilidumu muda gani? Lilionekana kutoka upande gani? Nyumba ngapi zimeanguka? Wamekufa wangapi? Bahari ilipanda kwanza au ilishuka kwanza? Ardhi imepasuka? Chemchemi zimebadilika? Na maparoko wakajibu. Walizunguka vijijini, wakahesabu, wakauliza wazee, wakaandika. Majibu yao mengi yangali katika hifadhi ya nyaraka ya Torre do Tombo, na wanasayansi wanayatumia mpaka leo kukadiria tetemeko lile. Bila shaka mapadre hao hao walizika wafu na kuadhimisha Misa za marehemu, na kuhesabu nyufa hakukuwafanya wapungukiwe na upadre.

Injili yenyewe iko upande wao. Katika Luka sura ya 13, Yesu anataja watu kumi na wanane walioangukiwa na mnara wa Siloamu, na anakataa waziwazi kwamba walikuwa wakosaji kuliko wakazi wengine wa Yerusalemu. Anawaita wanaomsikiliza watubu, ndiyo, lakini wito huo anaugeuza kwa walio hai wanaouliza, hautupi juu ya maiti. Mhubiri anayesimama juu ya vifusi na kutaja dhambi za waliolala chini yake amekwenda kinyume na somo hilo, hata kama sauti yake ni nzuri na kanisa limejaa.

Hapa lazima tujipinge wenyewe kidogo. Katika mazungumzo yetu, mmoja alileta hoja ambayo mwanzoni tuliipenda sote: mwendo huo wa ardhi ndio unaotupa uhai. Bila mpasuko hakuna Ziwa Tanganyika, lenye kina cha mita 1,470, wala migebuka na dagaa wa Kigoma. Bila volkano hakuna udongo wa Kilimanjaro na wa Rungwe. Chuma kinachozunguka katika kiini cha nje huzaa usumaku unaoikinga dunia dhidi ya chembe kali kutoka kwenye jua. Dunia isiyotikisika kamwe huenda ingekuwa jiwe lililokufa. Yote hayo ni kweli, na mtu anaweza kuyatafakari mbele ya Muumba kwa shukrani.

Lakini jaribuni kumwambia bibi yule. Nyumba yako ilianguka ili Kigoma wapate migebuka. Hoja ikishatoka darasani ikafika jumuiyani inakuwa ukatili, na tunadhani ndicho kilichomkera Voltaire, ingawa alikuwa na yake mengi. Maelezo ya mabamba hayafuti machozi. Kazi yake ni ndogo zaidi na ya lazima: yanamwondolea mfiwa mzigo wa hatia ambao si wake. Baada ya hapo ndipo padre anaweza kukaa naye kimya, na kimya hicho kisiwe cha mtu asiyejua.

Yapo pia ya mikono. Tetemeko la 5.9 si kubwa kwa vipimo vya dunia. Huko Japani tetemeko la namna hiyo mara nyingi hupita bila kuua mtu. Tofauti iko kwenye kuta. Na kwetu, nani anajenga? Parokia inajenga kanisa, nyumba ya mapadre, zahanati, shule ya chekechea. Paroko anakaa kwenye kamati ya ujenzi, na mara nyingi neno lake ndilo la mwisho. Tofali za kuchoma zilizoungwa kwa udongo, bila nondo kwenye kona, bila lenta inayozunguka jengo zima, na juu ya mlango mkuu ukuta mrefu wa pembetatu uliosimama peke yake ukisubiri msalaba: huo ndio ukuta unaotangulia kuanguka, na huangukia mlangoni ambako watu wanakimbilia. Baada ya 1755 Lisbon ilijengwa upya kwa nyumba zenye fremu za mbao ndani ya kuta, zikiwa zimeundwa makusudi kustahimili mtikisiko. Walifanya hivyo bila kompyuta.

Ndiyo maana tunawaomba walezi wetu jambo moja. Katika somo la falsafa ya maumbile, wiki chache zitolewe kwa dunia hii halisi: mabamba, ufa, mawimbi, na ziara moja ya kuuona ufa kwa macho. Si ombi geni kwa Kanisa. Mtakatifu Augustino aliwaonya Wakristo wanaosema ovyo juu ya maumbile mbele ya wanaoyajua, kwamba wanaifanya imani ichekwe. Mwenye heri Niels Stensen, aliyetangazwa na Papa Yohane Paulo II mwaka 1988, alikuwa askofu, na kabla ya hapo aliandika mwaka 1669 kitabu kilichoweka misingi ya kusoma matabaka ya miamba. Hata Wajesuiti, ndugu wa Malagrida, baadaye walijaza vyuo vyao vipimo vya matetemeko, na mwaka 1925 wale wa Marekani wakaunda chama chao cha sayansi hiyo.

Mwezi wa sita mwenzetu anarudi kigango kilekile. Ameazima ramani ya Bonde la Ufa na anafanya mazoezi ya kuieleza, sisi tukiwa wanajumuiya na tukimuuliza maswali magumu. Amepata habari kwamba kigango kinaanza kujenga kanisa jipya. Tofali zimeshachomwa, mchango wa bati umeshakusanywa, na katika bajeti aliyotumiwa na katekista, fedha ya lenta haimo. Bibi yule husali benchi la pili, upande wa ukutani.