Kahawa ya Barazani si Uvivu

Yapo maoni yanayozidi kuenea mijini kwamba mtu aonekanaye ameketi ni mtu asiye na kazi. Mfanyakazi anywaye kahawa barazani huitwa mpiga soga, na mzee achezaye bao chini ya mwembe huhesabiwa kuwa mzigo. Maoni hayo yafaa yachunguzwe, maana yana ukweli kidogo na upotofu mwingi.

Ukweli wake unajulikana. Azimio la Arusha la mwaka 1967 halikuwaonea haya wanaume wa vijijini waliopitisha muda mwingi katika porojo, ngoma na pombe hali wake zao wakilima. Lilidai kazi ya juhudi na maarifa, na dai hilo halijachakaa. Lakini lililoshutumiwa ni uzembe, si pumziko. Mwalimu Julius Nyerere mwenyewe, ambaye hakuna awezaye kumwita mvivu, alikuwa mpenzi wa bao.

Na bao si mchezo wa mwenye haraka. Lina mashimo 32 na kete 64. Kila mchezaji huanza na kete 22 mkononi, na asiyetuliza akili hufungwa kabla hajatambua ametegwa wapi. Watazamaji hubishana na kumkosoa kila mmoja kana kwamba wao hawajapata kufungwa. Muuza kahawa hupita na birika lake juu ya makaa, akigonganisha vikombe. Kahawa ni chungu, kashata ni tamu, kikombe ni kidogo. Hakuna ashibaye kwa kikombe hicho, wala hakuna akifuataye kwa ajili ya shibe. Hapo ndipo jirani hupata habari kwamba fulani ana mgonjwa. Hapo gazeti moja husomwa na watu kumi. Na hapo mtu aliyekaripiwa mchana kutwa kazini husikilizwa akisema. Katika Mji Mkongwe wa Unguja, nyumba nyingi zina baraza za mawe nje ya mlango. Waashi wa zamani waliona kuwa mahali pa kuketi na jirani ni sehemu ya nyumba.

Siku hizi nyumba mpya huanza na ukuta. Jijini Dar es Salaam mabasi ya mwendokasi yalianza kazi mwaka 2016, na abiria anayepita katika njia zake huokoa muda ambao zamani uliishia kwenye foleni. Hilo ni jambo jema. Lakini muda huo huenda wapi? Mara nyingi huishia katika simu. Watu wanne huketi sebuleni, kila mmoja na kioo chake, chakula kikipoa. Nao, ajabu, hawaitwi wavivu.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imeweka ukomo wa saa 45 za kazi za kawaida kwa juma, pamoja na mapumziko ya saa moja kwa mtu afanyaye kazi zaidi ya saa tano mfululizo. Ni makosa kudhani kuwa saa hiyo imewekwa ili tu mfanyakazi arejeshe nguvu za kumtumikia mwajiri. Ni saa yake. Akiitumia kuonja chakula chake taratibu na kucheka na wenziwe, hakumwibia mtu.

Hata hivyo, wapenzi wa baraza wasishangilie mapema. Baraza nyingi ni za wanaume. Saa ile ile kahawa inapomiminwa, mama aliyerudi sokoni au shambani anachota maji, anapuliza moto na kuogesha watoto. Sheria ya saa 45 haimfikii jikoni. Mwanamume anayesifu utulivu wa jioni huku utulivu huo ukilipiwa kwa mgongo wa mkewe hajatoka bado katika shutuma ile ya mwaka 1967, hata kama kahawa yake ni moja tu na hanywi pombe.

Wala dawa si kuvunja baraza. Kete za bao zaweza kungoja. Baba akibeba dumu la maji na kuogesha watoto kabla ya kwenda mwembeni, mama naye atapata nusu saa ya kukaa jamvini na shoga yake, akisukwa nywele, bila kuitwa na mtu.